"Kamera Haikupendi": jibu kwa binti aliyekataliwa kwa sababu ya weusi wake

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Mwanza, nimeigiza jukwaani tangu sekondari. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye usaili wa tamthilia. Niliigiza mpaka waliokuwepo wakapiga makofi, lakini aliyekuwa nyuma ya kamera akatazama kioo chake akasema, "Huyu kamera haimpendi, mweusi sana." Nafasi ya mhusika mkuu akapewa mwenzangu ambaye ni maji ya kunde. Mimi nikaambiwa nirudi mwezi ujao kujaribu nafasi ya dada wa kazi. Rafiki yangu ananishauri nianze mkorogo mapema. Je, ni kweli kamera ina watu wake? Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mkorogo, kwa sababu mwezi si mrefu na hilo haliwezi kusubiri. Usipake. Vikopo vile visivyo na lebo mara nyingi hubeba haidrokwinoni, steroidi au zebaki. Zebaki hupenya kwenye ngozi ikaenda kuharibu figo, ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa 2013 umevipiga vita vipodozi vyenye zebaki. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba kama ganda la kitunguu. Hayo daktari atakueleza vizuri kuliko mimi. Langu mimi, niliyeshika kamera na taa kwa zaidi ya miaka ishirini, ni hili: ngozi iliyochubuliwa ndiyo ngumu kuliko zote kuipiga picha. Uso unatoka rangi yake, shingo yake, vifundo vya vidole vinabaki vilivyokuwa, na nikiwasha taa mishipa inaonekana mashavuni. Nimewapiga picha mabinti wa namna hiyo, na kila mara niliishia kumwomba dada wa mekapu awafunike kwa poda nene, huku nikijua kwamba tunafunika jeraha.

Sasa tuje kwenye kamera. Kamera ni sanduku lenye tundu, na ndani yake mna kitu kinachohesabu mwanga. Ikiachwa ijipime yenyewe, huchukulia kwamba vyote vilivyoko mbele yake, ukivichanganya pamoja, ni kijivu cha wastani, yaani kitu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ngozi ya Mzungu hurudisha karibu mara mbili ya hapo. Ngozi yako, kama weusi wako ni ule tunaouita tii, inaweza kurudisha chini ya nusu ya hapo. Sasa fikiria chumba cha usaili: ukuta mweupe, taa ya tyubu darini, na wewe umesimama katikati. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inajibana. Ukuta unatoka vizuri, wewe unazama. Yule bwana alipotazama kioo akaona macho na meno tu, alichokuwa anakitazama ni ukuta uliopimwa sawasawa. Uso wako hakuna aliyeupima.

Barua yako imenikumbusha sini moja tuliyopiga miaka kadhaa iliyopita Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga. Sebuleni, usiku, kochi moja, wanawake watatu: mama mkwe, mke na wifi. Mke alikuwa mweupe, mama mkwe maji ya kunde, wifi mweusi, pengine kuliko wewe. Aliyepanga taa aliweka taa moja kubwa kwa mbele, akapima usoni kwa mke, akasema tayari. Kwenye kioo wifi alikuwa kivuli. Naye ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote, ndiye anayefichua siri ya nyumba ile, na hungeweza kujua kama analia au anacheka. Mwongozaji akasema tumsogeze pembeni, na maneno yake apewe mama mkwe. Wifi alisikia yote. Alikaa kimya akiikunja na kuikunjua ncha ya khanga yake.

Niliomba dakika ishirini. Taa ya mbele nikaiondoa, nikaipeleka ubavuni kwa wifi na kuielekeza kwenye shuka jeupe la kitandani tulilolitundika kwa vibanio vya nguo, ili mwanga ugonge shuka kwanza ndipo umrudie yeye. Shuka likawa kama dirisha kubwa. Ukuta wa nyuma, uliokuwa mweupe, tukautundikia kitenge cha buluu iliyoiva. Mke tukamrudisha nyuma kidogo, mbali na shuka, kwa kuwa yeye mwanga ulimtosha na kubaki. Kisha nikamwomba dada wa mekapu amfute wifi poda yote, ampake mafuta ya nazi kidogo sana kwenye mashavu, paji la uso na mabega. Tulipowasha tena, mwanga ulishuka kutoka paji la uso, ukapita shavuni, ukaishia kidevuni, na kila alipogeuza kichwa ukamfuata. Hasira yake uliiona kabla hajafungua mdomo. Mwongozaji akatazama kioo, akanyamaza kidogo, akasema tupige. Maneno yakabaki kwake.

Ukitaka kuelewa kwa nini ilikuwa hivyo, tazama kinyago cha mpingo. Mti ule ni mweusi, na bado unaona pua, mikunjo ya paji, mpaka kucha za mtoto aliyebebwa mgongoni. Unaviona kwa sababu vimeng'arishwa, na kila mbonyeo unashika mwanga wake. Kipige kinyago msasa kikauke, kiwekee taa kali usoni, kitageuka gogo. Ngozi nyeusi nayo umbo lake linachorwa na mng'aro, kwa hiyo inataka mwanga mpana, laini, unaotoka ubavuni, na inataka mafuta kidogo. Poda nyingi inaua mng'aro huo. Ndipo mtu anapotoka kijivu, anapauka, na watu wanasema "si nilikwambia, kamera haimtaki". Faundesheni iliyo nyeupe kuliko ngozi yako inafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Vilevile zipo taa za bei rahisi za LED ambazo mwanga wake hauna wekundu wa kutosha, na ngozi ya kahawia iliyokolea inageuka kuwa na ukijani fulani wa ugonjwa. Kwenye boksi la taa huandikwa kipimo kinachoitwa CRI, kinachosema taa inaonyesha rangi halisi kwa kiasi gani. Mimi sinunui iliyo chini ya 95.

Utauliza, kama dawa yake ni shuka na mafuta ya nazi, mbona mafundi wengi hawaijui? Hapa ndipo historia inaponiuma.

Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara za kusafisha picha za rangi kadi ya kupimia. Kwenye kadi kulikuwa na picha ya mwanamke Mzungu, na fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya mwanamke yule itoke sawa. Kadi hizo ziliitwa "Shirley", kwa jina la mmoja wa wanamitindo wa mwanzo. Wanamitindo walibadilika mwaka hadi mwaka, jina halikubadilika, na ngozi nayo haikubadilika. Filamu zenyewe, namaanisha utepe, zilitengenezwa zikitegemea ngozi hiyo. Kwenye picha za darasa za shule za Marekani, mtoto Mzungu alitoka wazi na mwenzake mweusi aliyeketi pembeni yake akatoka giza. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyewahoji watu waliofanya kazi Kodak, ameeleza kwamba msukumo uliosaidia kubadilisha mambo haukutoka kwa wazazi wa watoto hao. Ulitoka kwa watengeneza chokoleti, waliotaka chokoleti nyeusi itofautiane na ya maziwa kwenye matangazo, na kwa watengeneza samani, waliolalamika kwamba mbao zao za rangi tofauti zinafanana. Kila nikifundisha habari hii darasani lazima nitulie kwanza. Mbao zilisikilizwa kabla ya watoto.

Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilitoka katikati ya miaka ya 1990. Hapo ndipo nasi Tanzania Bara tulipoanza kuwa na televisheni, mwaka 1994. Kwa hiyo vijana wetu wa mwanzo walioshika kamera walirithi vipimo vilivyowekwa kwa ajili ya Shirley, wakawafundisha waliofuata, na wale wakamfundisha yule bwana wa Mwanza. Hajui kwamba anarudia neno la mtu mwingine. Namlaumu kwa kukusemea mbele za watu, lakini kwa hilo la taa, na yeye amefundishwa vibaya.

Kuna kisa kingine kinachoonyesha kwamba ufundi haukukosekana. Afrika Kusini enzi za ubaguzi, serikali iliwalazimisha watu weusi kutembea na vitabu vya pasi vyenye picha. Picha za vitambulisho zilipigwa kwa mitambo ya kampuni ya Kimarekani ya Polaroid, na mmoja wao, ID-2, ulikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Walioichunguza miaka ya baadaye wanaeleza kwamba nyongeza hiyo iliifanya sura nyeusi isomeke vizuri. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Cambridge, Massachusetts, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua biashara hiyo wakaanzisha harakati ya kuipinga. Hunter alifukuzwa kazi. Kampuni ilijitoa Afrika Kusini mwaka 1977. Tazama basi: sura nyeusi ilipotakiwa ionekane ili mwenyewe azuiwe kupita barabarani, mwanga ulipatikana.

Na usidhani kamera za kidijitali zimefuta yote. Mwaka 2018 watafiti wawili wanawake weusi, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu za kompyuta zinazotazama uso na kusema kama ni wa mwanamke au mwanamume. Walitumia picha za wabunge, wakiwemo wa Rwanda na Senegali upande mmoja, Finland na Iceland upande mwingine. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi, programu mojawapo ilikosea kwa asilimia 34.7. Rwanda ndiyo nchi ambayo tangu 2008 wanawake ni wengi kuliko wanaume bungeni. Mwanamke anatunga sheria za nchi, na mashine inashindwa kumwona kama mwanamke. Simu nyingi nazo ukiwasha kile kinachoitwa urembo, zinaanza kwa kukung'arisha ngozi na kukupunguza pua, bila kukuuliza.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba shida yote ni taa. Ingekuwa shida ya taa peke yake, wangekwambia "rudi kesho tukupange vizuri". Hawakusema hivyo; walikwambia urudi kama dada wa kazi. Kwa nafasi hiyo kamera imekubali? Uso ni ule ule, ukuta ni ule ule. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, mdogo wangu, na ningependa ulitazame bila kupepesa. Kwenye miswada mingi niliyokabidhiwa, mwanamke mweusi tii ni dada wa kazi, mama wa kambo wa kijijini, au mchawi. Mwanamke mweupe ni mchumba, ni bosi, ni yule ambaye wanaume wawili wanamgombania. Mwandishi haandiki rangi kwenye karatasi. Anaandika "binti mrembo", na kila mtu mezani anaelewa anayetajwa ni wa rangi gani. Nimekaa kwenye meza hizo. Kuna siku niliuliza kwa nini daktari wa kwenye hadithi asiwe yule dada mweusi aliyefanya usaili vizuri kuliko wote, nikajibiwa kwamba watazamaji hawatamwamini. Hakuna mtazamaji aliyekuwa ameulizwa. Na hospitali zetu zimejaa madaktari wanawake weusi tii, watazamaji wanawaamini na kuwapelekea watoto wao.

Nafasi ya dada wa kazi yenyewe si aibu, na mtu asikufanye uidharau. Maelfu ya wanawake wanaishi maisha hayo na wanastahili kuigizwa kwa heshima. Ubaya ni pale inapokuwa ndiyo nafasi pekee iliyoachwa wazi kwa rangi yako.

Wewe si wa kwanza kuambiwa ulichoambiwa. Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, alipohojiwa na BBC mwaka 2019 alisema aliwahi kuambiwa kwenye usaili kwamba ni mweusi mno kwa televisheni. Alikwisha kusema, mwaka 2014, kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa mweupe, na kwamba kumwona mwanamitindo wa Sudan Kusini, Alek Wek, kukamfungua macho. Mwaka huo huo alipokea tuzo ya Oscar. Ukipata nafasi, tazama namna fundi wa kamera Sean Bobbitt alivyompiga picha kwenye filamu ile iliyompa tuzo, "12 Years a Slave", kisha tazama "Queen of Katwe" ya 2016, iliyopigwa kwa sehemu Kampala, fundi akiwa huyo huyo. Zima sauti kabisa. Angalia mwanga unatokea wapi kwenye kila uso, na uone mlivyo na rangi tofauti ninyi mnaoitwa "weusi" kwa neno moja.

Wapo watakaokushauri uende redioni, kwa kuwa sauti haina rangi. Redio ni kazi nzuri. Siti binti Saad watu wa mjini Unguja walimcheka kwa sura na kwa kaniki yake, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri ambazo zilimvusha bahari na kulibakiza jina lake mpaka leo. Ila ukienda redioni, uende kwa kuwa unaipenda, usiende kwa kuwa umefukuzwa kwenye picha.

Nitoke nje ya swali lako kidogo, kwa kuwa kuna binti mwingine ninayemkumbuka nikiandika haya. Alikuwa na ualbino, miaka kumi na sita hivi, tuliletewa kwenye tangazo la afya. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, wengi kuliko karibu popote duniani, na mwaka 2008 tulipata mbunge mwenye ualbino, Al-Shaymaa Kwegyir. Lakini kwenye miswada iliyopita mikononi mwangu mtu mwenye ualbino amekuwa wa namna moja tu: anakimbia, anawindwa, analia. Hajawahi kuwa jirani anayekopa chumvi. Binti yule alisimamishwa mbele ya taa ile ile inayomzamisha mtu kama wewe, na yeye ikamchoma. Macho ya mtu mwenye ualbino hayavumilii mwanga mkali, yakaanza kumwaga machozi. Aliyekuwa akiongoza akafurahi, akasema "hayo machozi ndiyo ninayoyataka, endeleeni". Nilizima taa. Tuligombana siku hiyo, na kampuni ile haikuniita tena. Nakueleza ili uone kwamba taa iliyopangwa kwa mtu mmoja tu inawaumiza wengi, kila mmoja kwa upande wake.

Basi tufanye kazi. Kabla ya usaili, piga video yako ya dakika mbili na uwe nayo kwenye simu. Simama karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, ubavu wako mmoja ukielekea dirishani, saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Saa saba mchana jua linachimba macho. Upande wa pili, mtu akushikie khanga nyeupe au ubao uliofunikwa karatasi ya fedha, urudishe mwanga kidogo. Nyuma yako pasiwe peupe: mlango wa mbao, pazia la kijani iliyokolea, hata ukuta wa matofali. Usivae nyeupe wala nyeusi. Vaa rangi ya haradali, ya damu ya mzee, au buluu. Jipake mafuta, usijipake poda. Zima urembo wa simu. Kisha gusa uso wako kwenye kioo cha simu ili ipime hapo, na kama bado ni giza, telezesha kidole juu pale kwenye alama ya jua mpaka uone mboni zako zikitofautiana na weusi wa kope.

Siku yenyewe ukifika na kukuta ukuta mweupe, omba kwa adabu: "Samahani kaka, naomba nisogee mbele hatua mbili kutoka ukutani, na unipime mimi usoni." Ni maneno ya kawaida kabisa, fundi yeyote anayeijua kazi yake atayaelewa, na asiyeijua atakuheshimu kwa kuyajua. Wakikuuliza unataka kujaribu nafasi gani, taja ile ya kwanza uliyopigiwa makofi. Ukipenda, jaribu na ya dada wa kazi pia, lakini baada ya hiyo, siyo badala yake.

Nami naomba unitumie picha mbili wiki hii, moja ukiwa dirishani kama nilivyokueleza, nyingine ukiwa umesimama ukutani chini ya tyubu. Usizirekebishe. Nitazichora juu yake kwa kalamu, nikuonyeshe mwanga unapotakiwa kukaa kwenye uso wako, kwa kuwa kila uso una mahali pake, na wako bado sijauona.